Chipu inayokaa kimya mpaka iguswe

Hebu fikiria, ubongo wako unakula kama wati 20 tu, afu simu yangu nikiitafsirisha sauti kidogo tu inachemka mkononi kama pasi! Ndo maana hizi chipu za kuiga ubongo zinanikosha. IBM walitoa chipu ya TrueNorth 2014, ina nyuroni bandia (yani vya kuiga seli za ubongo) milioni 1 na ilikuwa inatumia kama miliwati 70, yani sawa na kijitaa kimoja kidogo cha LED. Ujanja ni kwamba nyuroni isiyo na habari inanyamaza, na memori iko palepale penye hesabu, data haihangaiki njiani. Mi naona zitafaa sana kwenye vifaa vya kusaidia kusikia. Shida kuziandikia programu, hapo ndo watu wanatoka jasho.