Mstari wa 12 hauna kosa

Jumamosi, usiku.

Wiki iliyopita rafiki yangu alikaa karibu saa nzima na faili la mistari 30, kompaila yangu (programu inayotafsiri lugha ya kompyuta niliyoibuni) ikimrudishia jibu lile lile: mstari wa 12, "syntax error", yaani kosa la sarufi. Aliusoma mstari huo hadi akaukariri. Haukuwa na kosa lolote. Alikuwa amesahau nukta-mkato (;) mwishoni mwa mstari wa 11. Yeye alicheka. Mimi niliona haya, maana yale maneno mawili yametoka kwangu ingawa sikuyaandika.

Ni ya Bison, chombo cha kutengenezea sehemu ya kompaila. Unaipa sarufi ya lugha yako, inakuzalishia kichanganuzi (sehemu inayosoma programu na kukagua kama inafuata sarufi), na kichanganuzi kikikwama kinaita yyerror, kitendo cha kutangaza kosa, na maneno hayo, basi. Sikuwahi kuyagusa kwa sababu sikuyahitaji. Lugha nimeibuni mwenyewe, najua ninapotelezea.

Asubuhi nilijaribu njia ya mkato, mpangilio wa Bison uitwao parse.error verbose. Kikaanza kusema, ila kwa lugha ya ndani: hakikutarajia T_KITAMB, kilitarajia T_NMKATO. Nani nje ya kichwa changu anajua T_NMKATO ni mdudu gani? Nikazipa tokeni zote (vipande vidogo vya programu: neno, namba, alama) majina ya kusomeka. Nikagundua pia kwamba tokeni zinazotarajiwa zikizidi nne, Bison haikutajii hata moja.

Kilichonila muda ni kingine: orodha yenyewe ilikuwa ikidanganya. Ndani ya mabano, baada ya namba, alama ya kuzidisha haikutajwa kabisa, na ilikuwa halali! Nilihangaika na sarufi bure kabla ya kukumbuka tabia ya vichanganuzi vya LALR, aina ambayo Bison huzalisha kwa kawaida. Katika hali zake nyingi (hali ni hatua kiliyofikia katika kusoma), kichanganuzi cha aina hiyo huwa na kanuni moja ya sarufi ya kuangukia, nacho huitumia bila kujali tokeni iliyo mbele ni ipi. Kinapokuja kutambua kwamba tokeni haifai, kimeshahama pale kosa lilipokuwa, na orodha kinayokupa ni ya huko kilikohamia. Nikawasha mpangilio mwingine, parse.lac full. Sasa kabla ya kujitosa hujaribu kimoyomoyo, bila kutekeleza kitendo chochote, kama tokeni hiyo itapokelewa mwishowe. Hupunguza kasi kidogo, lakini kwa faili za mistari 30 nani atahisi?

Baada ya hapo ndipo nikafika kwenye kazi niliyoikusudia. Tangu toleo la 3.6, la mwaka 2020, Bison inakubali parse.error custom: unaandika yyreport_syntax_error yako, yaani msimbo wa kuripoti kosa, unaomba orodha nzima ya zinazotarajiwa (kikomo cha nne hakipo tena), unasema kwa mdomo wako. Nikamfanya msoma-tokeni akumbuke tokeni iliyotangulia iliishia wapi. Kama nukta-mkato imo kwenye orodha, na tokeni iliyokataliwa imeanza mstari mpya, kidole kinarudi nyuma: "Mstari wa 11: pengine nukta-mkato imesahaulika mwishoni."

Hilo neno "pengine" nimelifuta na kulirudisha mara tatu. Bila hilo ujumbe una nguvu zaidi. Lakini kichanganuzi kinajua kilipokwama tu, hakijui mtu alitaka kuandika nini. Huenda alisahau alama ya kujumlisha. Limebaki.

Kuna njia pana zaidi. Clinton Jeffery aliieleza mwaka 2003: unaandika programu mbovu kwa makusudi, kila moja na ujumbe wake, kisha chombo kinatafuta kila mfano unakwamia hali namba ngapi na kukutengenezea jedwali. Menhir, chombo kama Bison cha watu wa lugha ya OCaml, ina utaratibu wa jamii hiyo. Wapo pia waliochoka: kompaila ya lugha ya Go ilikuwa na kichanganuzi cha yacc, chombo kilichoitangulia Bison, ikakiacha kwa kilichoandikwa kwa mkono katika toleo la 1.6. Leo mchana, nikiwa na ile orodha ya uongo, niliwaelewa vizuri sana. Ila naipenda sarufi yangu ikiwa ukurasa mmoja unaosomeka, kwa hiyo bado nipo.

Nimelipitisha faili la rafiki yangu lile lile. Mstari wa 11, nukta-mkato. Nikafurahi, nikafuta makusudi bano la kufunga bloku (kundi la amri) kwenye mstari wa 3 nione kichanganuzi kitasemaje. Kikaniambia kosa liko mstari wa 30, mwisho wa faili.

Kesho, basi. Itabidi nikumbuke kila bano lilifunguliwa wapi.