"Wanasema" ni nani huyo?

Kuna neno nimelipiga marufuku darasani kwangu. "Wanasema." Nafundisha Uraia kidato cha pili, shule moja hapa Mbeya mjini, na siku hizi mtoto akisimama akaanza "madam wanasema..." wenzake wote wanamrukia, nani? nani anasema?

Ilianza Aprili 2024. Mnaokaa huku mnakumbuka, Jumapili ya tarehe 14 Mlima Kawetere ukaporomoka pale Itezi, matope yakafukia nyumba za watu na shule. Jioni yake simu zilikuwa moto, kila grupu la WhatsApp lina video yake na idadi yake ya waliokufa, huyu kumi huyu hamsini. Jumatatu naingia darasani hakuna anayetaka kusikia mada niliyoandaa, basi nikafunga kitabu nikasema haya tuongee (na ndiyo, najua sekondari tunatakiwa tufundishe kwa Kiingereza, siku ile Kiingereza kilikaa nje).

Ubaoni nikachora safu tatu, nimeona, nimesikia, sijui. Ya "nimesikia" ilijaa mpaka chini. Ya "nimeona" ilikuwa na binti mmoja tu anayekaa Itezi, na yeye alikuwa na mambo mawili, nyumba ya jirani imefunikwa mpaka kwenye bati, na watu wanahamisha vyombo. Nikamuuliza waliokufa je? "Hiyo sijui madam." Yani mtu wa pale pale ndo anasema sijui, halafu wa Forest na Sinde huko wana namba kamili!

Wanafunzi hawaruhusiwi simu shuleni kwahiyo nikatoa yangu nikawapitishia ile video kali kuliko zote, tope limefika kwenye milango ya maduka. Binti akaiangalia akasema, "Madam hapa siyo kwetu, pale ilipoporomoka hakuna maduka yamepangana hivi." Kimya. Halafu sauti ikatoka nyuma, "Na wewe madam, nani alikutumia?"

Jamani.

Nilitumiwa kwenye grupu la walimu. Na mimi Jumapili ile ile nilishaituma kwa ndugu zangu Tukuyu na kwa mama. Usiku nikaiingiza picha yake Google, ikaja Katesh, yale maporomoko ya Hanang ya Desemba 2023. Alama ilikuwepo muda wote, mishale miwili juu ya meseji, WhatsApp wanaiweka ikishapita mikono mingi, mimi nilikuwa naiona kama urembo tu.

Kesho yake nikawaambia ukweli, wakacheka sana. Nikanunua magazeti mawili Kabwe tukakaa tunapigia mstari kila "inadaiwa" na "imeelezwa", na kila jina la aliyeongea. Kijana mmoja akauliza, sasa madam "inadaiwa" si ndo "wanasema" iliyovaa suti? Nikamwambia mara nyingine ndiyo, ila shuka chini kidogo, ukikuta jina la mtu na cheo chake kuna mtu wa kumrudia ukamuuliza. Ya WhatsApp utamrudia nani.

Mwisho kila mmoja aliandika nusu ukurasa kwa zile safu tatu. Wengi waliandika mvua, wengine kukata miti mlimani. Ila mmoja kwenye "sijui" aliandika hivi: sijui kwa nini walijenga chini ya mlima, labda ndo kiwanja walichoweza kununua. Nilimpigia vema kubwa. Mtihani wa taifa hautamuuliza hilo, basi tu.

Jioni nikaandika kwenye magrupu yote, ile video siyo ya Itezi ni ya Hanang, samahanini. Walimu wakanijibu vidole gumba viwili, Tukuyu kimya. Mama ndo akapiga simu.

"Mwanangu, mimi hiyo nishawatumia wanakwaya wote, sasa nawaambiaje?"