Chozi wa barazani na neno la wifi

Neno la wifi limenikaa kooni tangu Jumapili. Alikuwa barazani na kikombe chake cha chai, mimi nimeshika ufagio namfukuza kunguru aliyeutolea macho ule waya wa kuanikia nguo, pale chozi wetu, yule ndege mdogo wa kunyonya maua, alipotundika kiota. Akanitazama, akasema taratibu, "Wifi, makinda ya ndege unayalinda, wako umemwachia bibi yake."

Nikamjibu, "Karibu andazi, wifi." Basi.

Nalirudia nikiosha vyombo, nikiwa kwenye daladala, hata wodini nikipima watu presha. Pale kwenye "wako" alivuta sauti. Pengine hakukusudia, lakini alivuta. Wiki hii kaka kapeleka posa na wodi yetu imehamia jengo jipya, na bado kichwani mwangu ni wifi na chai yake.

Mnaonifuatilia mnajua kwa nini mtoto yuko Lushoto. Zamu za usiku, na hapa Tanga nyumbani hakuna mtu mzima mwingine. Ningemwacha na nani? Sikumtupa mwanangu, na wifi analijua hilo.

Huyu chozi jike kajenga peke yake: nyuzi za buibui, majani makavu, vipande vya magome, ndani katandika sufi. Juu ya mlango kaweka kipaa kidogo cha kukinga mvua. Mayai mawili kayaatamia mwenyewe. Dume, yule mwenye kifua cha kung'aa, kaanza kusaidia kulisha makinda yalipoanguliwa. Sasa vichwa viwili vinachungulia, midomo wazi, kingo zake za njano. Na kunguru hawa, waliofikishwa Unguja kutoka India miaka ya 1890, hawabakizi yai wala kinda wakiliona. Ndiyo maana ufagio hauko mbali.

Jana jioni nikampigia binti yangu. Hata shikamoo hakunipa.

"Mama, wamekula?"

Nikamwambia jike kaleta buibui mzima, miguu inaning'inia mdomoni.

"Buibui? Si wananyonya maua?"

Nikamsikia mama yangu nyuma yake akicheka, akimwambia maji ya maua matamu lakini kinda hakui bila wadudu. Wakaanza kubishana wao kwa wao, mimi nimesahaulika kwenye simu, na moyo wangu ukatulia kabisa. Mtoto anacheka, ana mtu wa kumjibu kila swali. Kabla ya kukata akaniagiza, "Usimwache kunguru awale, mama."

Leo asubuhi kinda mmoja kasimama mlangoni, kapiga mbawa mara kadhaa, karudi ndani. Likizo bado, binti yangu hatawakuta. Nitampigia picha.