Mtumbwi, Karabai na Swali la Mpwa Wangu

Juzi jioni tulikuwa mwaloni Kibirizi tukiwatazama wavuvi wa dagaa wakipakia nyavu, mpwa wangu aliponiuliza, "Mjomba, kama kila kitu kina chanzo, Mungu naye alitoka wapi?" Swali hilo halimgusi al-Ghazali (1058–1111), mwanazuoni wa Kiislamu, kwani yeye alisema kwamba kila kinachoanza kuwapo kina kilichokianzisha, na asiye na mwanzo hamo katika kanuni hiyo.

Hoja ya kuwapo kwa Mungu inayonikalia zaidi moyoni, hata hivyo, ni ya Thomas Aquinas, mwanateolojia Mkatoliki wa karne ya 13, ambaye, ingawa wengi hawalijui hili, alikiri kwamba akili peke yake haiwezi kuthibitisha kuwa ulimwengu ulianza. Yeye hakutafuta aliyeanzisha zamani, bali anayeshikilia sasa. Nilimwonyesha kijana mtumbwi mmoja: fundi aliyeuunda alikwishafariki, nao bado unavua. Kando yake mvuvi alikuwa akijaribu karabai (wenzake wengi wamehamia taa za sola), na mwanga wake ukatandaa juu ya maji. Karabai ikizimwa, mwanga ule haubaki hata kidogo. Kuwapo kwetu, kwa Aquinas, ni kama mwanga ule wa majini: ni kwa kuazima, na mlolongo wa waazimaji watupu, hata uwe mrefu namna gani, hauwezi kueleza kilichoazimwa kimetoka kwa nani; lazima awepo mmoja asiyeazima, naye ndiye Mungu.

Mwanafalsafa Mwingereza Bertrand Russell, alipojadiliana na padri Frederick Copleston kwenye redio ya BBC mwaka 1948, alijibu kwamba ulimwengu upo tu, basi; kila mtu ana mama, lakini haifuati kwamba jamii nzima ya binadamu ina mama. Jibu hilo ni zito, wala silidharau. Ila mtumbwi wenye mbao za mninga tupu ni wa mninga mzima mzima, kwa hiyo zipo sifa za sehemu ambazo huhamia kwenye kitu kizima. Mimi naona utegemezi unafanana na mninga kuliko na mama, ingawa sina uthibitisho wa kumnyamazisha Russell.

"Lakini Mjomba," akasema, "hujaniambia kama huyo asiyeazima anasikia dua."

Sikuwa nimemwambia, na hoja yenyewe haisemi. Aquinas naye alilijua pengo hilo, ndiyo maana baada ya kurasa chache za kuthibitisha kuwapo kwa Mungu, aliandika nyingine nyingi mno kujadili kama Mungu huyo ana ujuzi, utashi na upendo.