Njiwa Niliyemwacha Apite

Ni saa saba kasoro usiku, na mdogo wangu amekata simu akiwa amenuna. Tumegombana juu ya njiwa. Tena njiwa mwenyewe hana hata manyoya, ni picha tu iliyopita kwenye skrini kwa sekunde chache na kutokomea. Nimejaribu kulala, nimeshindwa. Afadhali niandike.

Battlefield 1, gemu ya vita ya kucheza kwenye skrini, tuliianza muda mfupi baada ya kutoka, Oktoba 2016. Wakati ule tuliishi chini ya paa moja na tulikuwa tukipokezana padi: ukifa, unampa mwenzako. Siku hizi kila mtu ana kwake, ila usiku wa mwisho wa juma tunakutana kwenye seva, spika za masikioni zimebana, kila mmoja anasikia pumzi za mwenzake. Watengenezaji wake, DICE wa Stockholm, walifanya jambo ambalo wengi waliliona la kichaa. Magemu makubwa ya vita yalikuwa yamehamia kwenye vita vya siku zetu na vya siku zijazo, roboti na angani huko. Wao wakarudi nyuma karne nzima, kwenye Vita Kuu ya Kwanza, vita vya matope na farasi na mahandaki. Watu walidhani itakuwa gemu ya kujikunyata shimoni ukisubiri kipenga.

Haikuwa hivyo, na hapo ndipo sifa yake na uongo wake vilipo pamoja. Sifa: hadi wachezaji 64 kwenye uwanja mmoja, nyumba zinabomoka kweli, matope yanaganda kwenye bunduki yako. Gesi ikitupwa unavaa barakoa, na ukishaivaa huwezi tena kulenga kwa jicho. Unafyatua kwa kukadiria huku unasikia pumzi zako mwenyewe zinakoroma. Mara ya kwanza niliivua haraka kwa sababu sikuipenda ile sauti, nikafa. Baadaye nilisoma kwamba askari waliopigwa na wingu la klorini karibu na Ypres, Ubelgiji, tarehe 22 Aprili 1915 hawakuwa na barakoa yoyote ya kuvua.

Uongo: silaha. Askari wa kawaida wa vita ile alibeba bunduki ya kukoki kwa mkono kila baada ya risasi moja. Gewehr 98 ya Wajerumani ilikuwa na nafasi ya risasi 5, basi. Ndani ya gemu, nusu ya seva inakimbia na Hellriegel, silaha ya majaribio ya Austria-Hungaria ya mwaka 1915 ambayo haikuwahi kugawiwa majeshini, na inamwaga risasi kama mvua ya masika. Halafu kuna sindano. Mdogo wangu amekuwa tabibu tangu siku ya kwanza. Umelala chali, umekufa, yeye anakuja mbio anakudunga, unainuka na kuendelea kuua. Penisilini yenyewe iligunduliwa 1928, miaka kumi baada ya vita kwisha, lakini sindano ya mdogo wangu inafufua. Silalamiki. Bila uongo huo nani angecheza? Nausema tu kwa sababu nataka kueleza jambo ambalo gemu hii ililisema kweli, na ni jambo nililochelewa kuliona.

Kuna namna ya kucheza inayoitwa War Pigeons. Njiwa mmoja anatokea mahali kwenye ramani, timu mbili zinamkimbilia. Anayempata inambidi aandike ujumbe kabla ya kumrusha. Sasa utamu wake ni huu: ukiandika huku unakimbia, maandishi yanakwenda polepole, ukitulia tuli, yanakwenda haraka. Kwa hiyo unapiga goti nyuma ya ukuta uliobomoka, unaandika, wenzako wanakuzunguka na kufa mmoja mmoja kwa ajili ya barua yako. Ukimaliza unamwachia. Akifika juu salama, mizinga ya upande wako inawashushia adui makombora. Timu ya kwanza kufikisha njiwa watatu imeshinda. Lakini tangu anapotoka mkononi mpaka anapopotelea angani, adui anaruhusiwa kumtungua.

Mimi nilikuwa mtunguaji. Nilichukua nafasi ya mdunguaji, nikatafuta mahali pa juu, na sikuhangaika kumkimbilia njiwa kamwe. Nilingoja arushwe. Ndege ni mdogo, anapanda kwa kuyumba, na wengi wanapoteza risasi wakifuata alipokuwa. Siri ni kulenga pale atakapokuwa. Nilipompata wa kwanza nilipiga kelele mpaka majirani wakagonga ukuta. Mdogo wangu alikuwa nyuma yangu anarukaruka: “Dada, umempiga! Dada, wewe ni balaa!” Nikawa nasifika kwa hilo. Watu wa seva nisiowajua walikuwa wakiandika jina langu la mchezoni na kuomba niwe upande wao.

Nilicheza hivyo miezi mingi bila kugusa sura za hadithi. Wachezaji wengi tuko hivyo. Hadithi tunaichukulia kama ile karatasi inayokunjwa ndani ya pakiti ya dawa, tunajua ipo. Nilifungua siku intaneti ilipokatika na sikuwa na lingine la kufanya.

Utangulizi wake wengi wanaufahamu. Unapewa askari, unapigana, unakufa, na linatokea jina lake na miaka yake, wa kuzaliwa na wa kufa. Kisha unapewa mwingine, naye anakufa. Nakiri kwamba mara ya kwanza sikusoma jina hata moja. Nilikuwa nikibonyeza kitufe ili niendelee.

Sura iliyofuata ndiyo iliyonisimamisha. Umo ndani ya kifaru cha Kiingereza kiitwacho Black Bess, unakiendesha kukipitisha kwenye ngome za Wajerumani. Mahali fulani kifaru kinakwama. Adui wanakizingira, wanapanda juu yake, unasikia wanagonga chuma. Kamanda anaandika barua fupi: anaomba mizinga ya upande wake ipige pale pale walipo, juu ya vichwa vyao wenyewe. Barua anafungiwa njiwa. Nami nikajiandaa kushika tena usukani au bunduki, maana gemu kama hii haina kazi nyingine ya kukupa. Ikanipa njiwa. Ilinitoa ndani ya lile sanduku la chuma na kunirusha.

Mngurumo ukafifia. Chini kulikuwa na mashimo ya makombora yaliyojaa maji, miti iliyobaki vigingi, moshi. Nilikuwa nimeshatazama viwanja vya namna ile kwa mamia ya saa, na sikuwahi kuviona hata siku moja bila alama ya shabaha katikati ya skrini. Sikuwa na la kufanya ila kuruka. Nilijikuta nimekaza mabega kwenye kiti, nangoja risasi, kwa sababu nilijua kuna mtu kama mimi huko chini amepata mahali pa juu.

Baada ya hapo nilianza kusoma. Si historia yote, sina subira hiyo, njiwa tu. Aliyenikamata ni Cher Ami, jina la Kifaransa, yaani rafiki mpendwa. Oktoba 1918, katika msitu wa Argonne kule Ufaransa, Wamarekani zaidi ya 500 wa Divisheni ya 77 walisonga mbele kuliko wenzao wa kulia na kushoto, wakazingirwa bondeni. Tarehe 4 mizinga ya Wamarekani wenyewe ikaanza kuwaangukia. Meja Charles Whittlesey akaandika mahali walipo na kuwasihi waache kupiga, akamfungia njiwa wa mwisho aliyebaki. Simulizi inayojulikana ni kwamba Cher Ami ndiye aliyeufikisha ujumbe ule, kifua kimetobolewa, mguu uliobeba kichupa cha barua unaning'inia. Wapo wanahistoria wanaosema kumbukumbu za maandishi hazithibitishi kwamba ni yeye hasa, au kwamba ilikuwa safari ile. Kwamba alirudi kutoka msituni akiwa na jeraha la namna hiyo, hilo halina ubishi sana. Alikufa Juni 1919. Wakamkausha, na leo yuko katika makumbusho ya Smithsonian kule Washington, amesimama kwa mguu mmoja.

Ona lakini jinsi gemu ilivyogeuza. Whittlesey aliomba makombora yakome. Kamanda wa Black Bess anaomba yaje. Kwenye gemu barua inayosema “acheni” haikupi mlipuko wowote wa kutazama, ndiyo maana. Na katika War Pigeons ni vile vile: kila njiwa anayefika ni mauaji. Hakuna hata mmoja anayebeba ombi la kuokolewa.

Whittlesey mwenyewe nilimsoma nikaacha, nikarudi. Walionusurika waliotoka bondeni kwa miguu yao walikuwa karibu 194. Alipewa nishani ya juu kabisa ya nchi yake, akawa anaalikwa huku na huku kuhutubia. Novemba 1921 alihudhuria mazishi ya Askari Asiyejulikana. Wiki chache hazijapita, akapanda meli iendayo Havana, usiku mmoja akaagana na watu, na hakuonekana tena. Njiwa yuko ndani ya kioo, ana jina na watoto wa shule wanamtembelea. Meja yuko baharini.

Sasa ya jana usiku.

Seva za War Pigeons zimebaki chache. Usiku mwingine unangoja mpaka unasinzia. Jana tukabahatika, na ramani ikawa Msitu wa Argonne. Mdogo wangu hakujua kwa nini nilinyamaza. Tulikwenda mbili kwa mbili, njiwa wa mwisho akatua upande wao. Nilikuwa kwenye mwinuko wangu, darubini ya bunduki imetua juu ya gogo, na nikamwona mwandishi wao. Alikuwa amepiga goti nyuma ya jiwe, ametulia kabisa, anaandika. Kilionekana kipande cha bega tu, sikuweza kumpiga. Nikangoja, kama kawaida yangu. Njiwa akatoka.

Nilikuwa nimempata. Nataka iandikwe hivyo, kwamba nilikuwa nimempata kikamilifu: nilishalenga pale atakapokuwa, na akaingia pale pale. Kidole hakikushuka. Akapita katikati ya shabaha, akawa mdogo, akaisha.

Makombora yakaja. Mdogo wangu alikuwa ameinama anamdunga mtu sindano.

“Dada! Hukumwona?”

“Nilimwona.”

“Sasa?”

“Risasi ziliniisha.”

Kimya kidogo. Halafu nikamsikia anacheka kile kicheko chake cha pembeni, cha mtu aliyeshika ushahidi. “Ziliisha wapi? Sekunde tatu baada ya njiwa kupita umemuua mtu. Jina lako lilitokea pale juu, nimeliona.”

Ni kweli. Yule mwandishi alisimama kumtazama njiwa wake akienda, bega likawa kifua, nikampiga. Sikufikiri hata kidogo. Nilipofungua matokeo nikakuta nimeua watu 11 raundi ile.

“Yaani watu kumi na mmoja sawa,” akasema, “ila njiwa ndiye unamwonea huruma.”

Nilianza kumweleza habari za Cher Ami. Nilivyokuwa naongea niliona mwenyewe kwamba simjibu. Hakuniuliza habari za ndege. Aliniuliza habari za watu, nami kwa watu sikuwa na neno. Nikasema wale ni wachezaji, wanarudi baada ya sekunde chache. “Na njiwa je,” akasema, “hatokei mwingine?” Nikakasirika, kwa sababu alikuwa sahihi, nikamwambia anacheza kama mtoto. Ndipo alipokata.

Nimekaa hapa nimefungua tena ule utangulizi. Safari hii sikubonyeza kitufe. Nilikuwa nikitoa miaka kichwani kila jina lilipotokea, mwaka wa kufa ukiondoa wa kuzaliwa. Mwishoni wanabaki wawili, mmoja wa kila upande, wanainuka kati ya maiti na kunyoosheana bunduki, kisha wanazishusha taratibu. Onyesho hilo nilikuwa nalikumbuka vizuri. Nilichokuwa nimesahau ni kwamba wakati wanazishusha mimi sina la kubonyeza. Wanazishusha wenyewe. Pengine watengenezaji walitujua.

Simu imetetema sasa hivi. Ni yeye. Hakuna salamu, hakuna samahani, ndivyo alivyo tangu utotoni.

“Kesho saa tatu usiku. Mimi ndiye mdunguaji. Wewe beba sindano.”

Nimemwandikia: sawa.