Miguu Yangu, Bwana

Wapendwa, Bwana asifiwe. Wiki hii Neno limenichoma, na sina jambo jingine la kuwaandikia.

Kuna dada katika Bwana ambaye tulikosana miezi kadhaa iliyopita, kwa maneno aliyoyasema juu yangu mbele za watu. Juzi nilifunga, nikaomba, nikajikaza, nikampigia simu nimwambie kwamba nimemsamehe. Kabla sijalifikia neno lenyewe akaniwahi: "Dada, mimi nilishakusamehe siku nyingi." Nikashukuru kwa mdomo. Simu ilipokatika moyo ulikuwa unachemka. Anisamehe mimi? Kwa lipi? Usiku ule sikulala. Kulipokaribia kucha ndipo nikaanza kuyakumbuka majibu niliyompa siku ile, na yale niliyoyapeleka kwa wengine baadaye nikiyaita maombi.

Nikafungua Yohana 13, pale Yesu anapowatawadha, yaani anapowaosha, wanafunzi wake miguu. Miaka yote nimeisoma sura hii nikiwa upande wa anayeshika maji: niiname, niwaoshe wenzangu. Safari hii nilimwona Petro. "Wewe hutanitawadha miguu kamwe." Yaonekana ni heshima, na huenda mwenyewe aliamini hivyo, maana kazi ile ilikuwa ya mtumwa. Lakini Yesu hakumsifu. "Kama nisipokutawadha, huna shirika nami." Hakusema, usipowatawadha wengine. Agizo la kutawadhana lilikuja baadaye, alipokwisha kuketi tena. Kwanza uoshwe.

Hapo ndipo tunapokwama, hasa sisi tuliokaa kanisani muda mrefu. Kuhudumu tunaweza. Tunafunga, tunatoa, tunakesha na wagonjwa. Ila mtu akituonyesha uchafu wetu, tunajitetea mpaka sauti inakauka. Tunaupenda msalaba kama kielelezo cha kujitoa, lakini hatutaki kusikia kwamba ulihitajika kwa ajili yetu sisi. Mwana wa Adamu alitoa nafsi yake iwe fidia ya wengi, na fidia hulipwa kwa ajili ya mateka. Ukikataa kwamba ulikuwa mateka, damu ile unaiitia nini? Wewe mwalimu wa watoto, wewe kiongozi wa sifa, wewe mama wa maombi: ni lini mara ya mwisho ulisema "nimekosa" bila kuongeza "lakini"? Usinijibu mimi. Mjibu Bwana, naye anajua.



Kuna jambo moja zaidi. Yale maneno ya Wafilipi 2, kwamba Kristo alijinyenyekeza akawa mtii hata mauti, naam, mauti ya msalaba, tunayasoma kama yameshuka yakielea angani. Paulo aliyaandika akiwa kifungoni, kwa kanisa lililokuwa na watu wake. Geuza kurasa chache utawakuta: Euodia na Sintike, anawasihi kila mmoja kwa jina lake wawe na nia moja katika Bwana. Kushuka kote kule kwa Mwana wa Mungu kulihubiriwa katika kanisa ambamo dada wawili walikuwa hawapatani. Nililia nilipoliona hilo.

Jumapili tunaikaribia Meza ya Bwana. Kabla ya hapo nitampigia tena. Nimeyaandika maneno yangu kwenye karatasi, na ile "lakini" nimeifuta mara mbili. Mniombee, na sasa ninaposema hivyo nataka maombi kweli.