Polima ileile, umeme tofauti

Leo nimeshinda maabara nikitazama rangi. P3HT, polima (plastiki ya molekuli ndefu kama mnyororo) ninayoitumia siku hizi kutengeneza seli za sola, ukiiyeyusha kwenye klorobenzini inatoa rangi ya chungwa iliyokolea. Unaidondoshea kwenye kipande cha kioo, mashine inakizungusha kwa kasi, na kadiri kiyeyusho kinavyoruka utando unageuka mbele ya macho: chungwa, kisha wekundu wa matofali, kisha zambarau. Ukiufunikia kisahani ukauke taratibu, zambarau inazidi kuiva. Hakuna kilichoongezwa humo. Molekuli ni zilezile zilizokuwa kwenye chupa, ila sasa zimenyooka na kulaliana, mnyororo juu ya mnyororo, na pengo la nanomita 0.38 hivi katikati (nanomita ni sehemu moja ya bilioni ya mita). Zikipangika namna hiyo ndipo zinapofyonza mwanga wa kijani hadi ule unaokaribia wekundu, ambao kwenye chupa zilikuwa zinauachia sehemu kubwa upite.

Mdogo wangu ni fundi sola, na kila tukionana lazima aulize, "Kaka, hiyo plastiki yenu inatoa wati ngapi?" Nikimtajia asilimia ya nishati ya jua inayogeuka umeme anacheka, maana paneli za silikoni anazofunga zinapita 20 bila jasho. Acheke tu. Lakini swali hilo huwa linanipa shida kulijibu, kwa sababu asilimia si ya polima, ni ya utando. Viungo vilevile, kwa vipimo vilevile, vinaweza kutoa umeme maradufu au visitoe kitu cha maana, kutegemea jinsi vilivyokauka.

Chanzo chake ni hiki. Kwenye silikoni mwanga ukigonga, elektroni inajiachia na kwenda zake. Kwenye polima haijiachii: inabaki imeng'ang'aniana na nafasi yenye chaji chanya iliyoiacha nyuma, na joto la chumba peke yake halina nguvu ya kuwatenganisha. Jozi hiyo tunaiita eksitoni. Ina uwezo wa kusafiri kama nanomita 10 tu, kisha inakufa na nishati yake inapotea. Ili kuivunja, lazima ndani ya safari hiyo fupi ikutane na molekuli nyingine yenye tamaa ya elektroni. Kwa miaka mingi ilikuwa fulerini, molekuli ya kaboni yenye umbo la mpira, hasa ile inayoitwa PCBM. Sasa tazama ugumu: utando unahitaji unene wa nanomita 100 hadi 200 ndipo ufyonze mwanga wa kutosha. Mtafiti Ching Tang alipobandika tabaka mbili za molekuli ndogo, moja juu ya nyingine, mwaka 1986, alipata kama asilimia 1, kwa kuwa ni mwanga uliofyonzwa karibu na mpaka wa tabaka hizo tu ndio uliofaa. Mwaka 1995 kundi la mwanasayansi Alan Heeger, Chuo Kikuu cha California, Santa Barbara, likaonyesha njia nyingine: changanya polima na fulerini kwenye chupa moja, ili mpaka kati yao uwe kila mahali.

Ila kuchanganya nako kuna mipaka yake. Vikichanganyika mno, elektroni inajikuta kwenye kichochoro cha Mji Mkongwe kisichotokea baharini: imeachiwa huru lakini haina pa kupita kufika kwenye elektrodi, mwisho inakutana tena na chaji chanya na kazi yote imekwenda bure. Visipochanganyika vya kutosha, eksitoni inafia njiani.

Mfano ninaoupenda ni wa Linz, Austria, mwaka 2001. Watafiti wa huko walichukua PCBM na polima moja ya jamii nyingine, iitwayo PPV, wakaviyeyusha mara moja kwa toluini na mara nyingine kwa klorobenzini. Toluini: asilimia 0.9. Klorobenzini: 2.5. Walipopitisha sindano ya hadubini juu ya tando, ule wa toluini ulikuwa na mabonge yenye upana wa kama nusu maikromita, na ule wa klorobenzini ulikuwa laini zaidi, mabonge yake kama moja ya kumi ya maikromita. PCBM huyeyuka vizuri zaidi kwenye klorobenzini, basi haikimbilii kujikusanya. Kiyeyusho ambacho mwisho wa siku hakimo kabisa ndani ya seli ndicho kilichoamua.

Mpangilio unaanza hata kabla ya hapo, kwenye mnyororo wenyewe. Mnyororo wa P3HT ni pete za atomi zilizoungana, kila pete ina mkia wa kaboni 6, na mikia ikielekea ovyo ovyo minyororo haiwezi kulaliana. Na urefu nao una vituko: watafiti wa Chuo Kikuu cha Stanford walionyesha mwaka 2003 kwamba minyororo mifupi hutengeneza fuwele nzuri, lakini chaji zinapita kwa shida, kwa sababu hakuna mnyororo mrefu wa kuunganisha fuwele moja na nyingine. Mimi hapo ndipo nilipoacha kushangilia kila ninapoona fuwele.

Tangu wakati huo fulerini imeachwa nyuma. Y6, molekuli mpya ya kupokea elektroni iliyotangazwa na kundi la Yingping Zou huko Changsha, China, mwaka 2019, ilifikisha asilimia 15.7, na leo maabara zinazungumzia 19 na zaidi. Umbo lake lililopinda linaifanya ijipange kwa mtandao unaopitisha elektroni pande nyingi. Yote ni mpangilio tena.

Kinachoninyima usingizi ni joto. Ukiupasha mchanganyiko wa P3HT na PCBM kwa nyuzi 150 kwa dakika 30 unapata karibu asilimia 5, kama Santa Barbara walivyofanya mwaka 2005. Ukizidisha muda, PCBM inaota sindano unazoweza kuziona kwa hadubini ya kawaida, na umeme unashuka. Na P3HT hailali kabisa hata kwenye joto la chumba. Minyororo bado inajisogeza. Paneli juu ya bati mchana wa jua kali hufika nyuzi 60 kirahisi.

Kwa hiyo kesho napandisha vipande juani, vimezibwa kwa kioo pande zote hewa na unyevu visiingilie, na wenzao nawaweka gizani kwenye oveni ya nyuzi 60. Kama wa gizani nao watashuka, basi mwanga sina sababu ya kuulaumu.